Urithi wa Adam: Vipande Saba, Maji Yake, na Kosa Langu la 1983

Jamaa zangu wa Adam mliotawanyika Maskati, Unguja, Pemba, Mombasa, Dubai na Uingereza.

Tangu Ramadhani iliyopita wengi wenu mmenipigia simu mkiuliza jambo moja. Mali ya marehemu babu iliyobaki Adam ina thamani gani, na kwa nini kazi ya kuithamini imechukua muda wote huu? Vijana wamekwenda mbali zaidi. Mmoja aliniambia kwa heshima, lakini kwa haraka ya ujana, kwamba mita za mraba hupimwa kwa asubuhi moja na bei ya mita huulizwa kwa simu. Nimeona bora nijibu kwa maandishi, kwa kuwa jawabu lenyewe ni historia, tena ndani yake mna deni langu mimi mwenyewe. Shangazi yetu wa Mkunazini, ambaye sasa ana miaka 87, aliniuliza mwaka jana swali ambalo sikuweza kumjibu papo hapo: "Mwanangu, mimi pesa za mtu sizitaki. Nataka kujua tu, kile cha baba yangu kilikuwa kiasi gani?"

Nianze na sanduku. Marehemu baba alipohama Unguja mwaka 1972 alichukua nguo, msahafu, na sanduku dogo la bati lenye hati za Adam. Hati za shamba la Unguja hakuzichukua, maana baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 zilikuwa zimebaki karatasi tupu. Ardhi ilikwisha kuwa ya serikali, na mashamba yaligawiwa watu eka tatu tatu. Hati za Adam ni nyaraka 14 za Kiarabu, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni. Kwa kuzisoma zote pamoja nimepata vipande saba. Nyumba ya udongo katika Harat al-Jami. Bustani kubwa yenye mitende 31. Bustani ndogo yenye mitende 11. Ukanda wa ardhi wa upana wa hatua mbili, unaopakana na bustani ndogo. Mitende minne iliyosimama ndani ya bustani ya mtu mwingine. Ardhi kavu nje ya mji, upande wa barabara. Na mwisho, katika waraka ambao kila mtu aliuruka, athar tano na nusu za maji ya falaji.

Kabla ya kueleza maji, niseme machache juu ya mji, kwa ajili ya watoto waliozaliwa mbali. Adam iko kusini mwa Nizwa, katika mkoa wa Dakhiliya, mahali milima inapokwisha na jangwa kuanza. Ukitoka hapo kuelekea kusini, njia ni ya Haima na hatimaye Dhofar, na kati yake ni nchi tambarare isiyo na kivuli. Misafara ilipumzika Adam kwa sababu ya maji na mitende. Mji huu ndio asili ya Imamu Ahmad bin Said Al Busaidi, aliyewatoa Waajemi Oman katikati ya karne ya 18, akafa mwaka 1783, na kizazi chake ndicho kinachotawala Oman hata leo na ndicho kilichotawala Zanzibar mpaka 1964. Ukifika Harat al-Jami, wenyeji watakuonyesha mtaa wa kale, kuta zake nene za udongo, na msikiti wake, nao watakusimulia habari za Imamu kana kwamba aliondoka jana. Mtu wa mji mdogo kama huu akisema "mali yangu ya Adam" hasemi kiwanja kimoja. Husema fungu la vitu vilivyotawanyika, na kila kimoja kina hati yake.

Sasa maji. Mnajua kwamba falaji ni mfereji unaochimbwa chini ya ardhi au kutoka kwenye chemchemi, ukaleta maji kwa mteremko wake mwenyewe bila pampu wala mnyama. Oman ina falaji zipatazo 3,000 ambazo bado zinatiririka, na mwaka 2006 tano kati yake, pamoja na Falaji Daris ya Nizwa, zilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Jambo ambalo wageni hawalioni ni kwamba maji ya falaji ni mali mbali na ardhi. Humilikiwa kwa muda. Kipimo chake ni athar (msiichanganye na athari ya Kiswahili, ingawa asili ya neno ni moja), ambayo kwa desturi ni kama nusu saa ya mtiririko. Athar 24 hufanya badda moja, yaani nusu ya siku na usiku wake. Mzunguko wote wa falaji huchukua siku kadhaa, kila falaji na idadi yake, kisha zamu hurudi mwanzo. Mchana wazee walipima zamu kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota walizozijua kwa majina. Falaji ina wakili wake, ina daftari lake, na ina hisa za falaji yenyewe ambazo hupigwa mnada ili ipatikane fedha ya kusafisha na kutengeneza mfereji. Mtu anaweza kuwa na maji asiwe na mtende hata mmoja, akayakodisha. Anaweza pia kuwa na mitende mia asiwe na maji, na huyo ni maskini mwenye kuni.

Tuchukulie mfano. Bustani pamoja na maji yake ina thamani ya 100. Mnunuzi akiletewa bustani peke yake, ataiona kavu, atasema: nitatafuta maji wapi? Atatoa 30. Akiletewa maji peke yake, atayapima kwa kodi ya mnada, atatoa 40. Jumla ni 70. Ile 30 iliyobaki haikuteketea. Imo katika kule kukutana kwa viwili, na ataiokota yule atakayevikutanisha tena mkononi mwake.

Hilo ndilo kosa langu, na sasa nalisema.

Mwaka 1983 nilikuwa kijana wa miaka 24, karani mpya, mwenye Kiarabu cha madrasa na cha shule, na jamaa zangu waliniona msomi. Ilikuja barua kutoka kwa mtu aliyekuwa akiiangalia mali yetu Adam. Simtaji; amekwisha kufa, na watoto wake hawana dhambi. Alieleza kwamba bustani kubwa imedhoofika, mitende mingine imekauka vichwa, na kwamba yuko mnunuzi. Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo, lakini alitoa sababu: waraka wa bustani hautaji maji. Shangazi zangu watatu, ambao hawakusoma Kiarabu cha hati, walinikalisha niwasomee. Niliisoma hati ya bustani neno kwa neno. Ni kweli, haikutaja maji. Nikawaambia bei ni ya haki. Wakaweka dole gumba. Miaka miwili baadaye ikaja barua ya pili: kuna athar tatu za maji zimekaa bure, hazina bustani, bora ziuzwe kwa bei ya mnada kabla falaji haijapungua. Niliisoma hiyo nayo, na hati ya maji kweli haikutaja bustani. Nikasema tena, bei ni ya haki.

Zile athar tatu zilikuwa ndizo zilizoinywesha ile bustani tangu siku za baba yake babu, na mnunuzi mara zote mbili alikuwa mmoja. Nililijua hilo miaka mingi baadaye, niliposimama kwenye saqia ya bustani ile ile, nikaiona imeshiba, mitende yake imejaa mashada ya khalas, na mzee mmoja akaniambia bila ya nia mbaya: "Hii siku zote ilikuwa na athar tatu." Kila bei niliyoipitisha, ukiitazama peke yake, ilikuwa sahihi. Niliithamini bustani kama bustani na maji kama maji. Sikuuliza kama ni mali mbili au ni moja iliyoandikwa mahali pawili.

Nilipostaafu nilianza kusoma mambo haya kwa utulivu, nikaona kwamba suala hili si geni hata kidogo. Wanazuoni wetu wa fiqhi walipoandika juu ya mgawanyo wa mali ya shirika walitofautisha namna zake. Kipo kitu cha jinsi moja, kama nafaka au ardhi iliyo sawa pande zote, hicho hugawiwa kwa kipimo. Kipo kitu ambacho sehemu zake hazilingani, hapo huhitajika kusawazisha kwa thamani, kwa hiyo kipande kidogo chenye maji huweza kukabili kipande kikubwa kikavu. Na kipo kile ambacho hata thamani haisawaziki ila kwa mmoja kumrudishia mwenzake fedha, nao wameuita mgawanyo wa radd. Baada ya mafungu kusawazishwa, hupigwa kura, ili asiwepo wa kusema alipendelewa. Kazi ya kusawazisha hupewa watu wa khibra, yaani wenye kuijua mali ya pale pale. Hawakusema apewe karani aliyesoma hati.

Mfano mkubwa wa radd uko katika historia yetu wenyewe, na nashangaa hautajwi kwa jina hili. Sayyid Said bin Sultan, mjukuu wa yule Imamu wa Adam, alifariki baharini mwaka 1856. Aliacha dola moja yenye vipande viwili vilivyotenganishwa na bahari: Maskati kwa Thuwaini, Zanzibar kwa Majid. Ndugu hawa nusura wapigane. Waingereza wakaingilia, na tarehe 2 Aprili 1861 Lord Canning, mtawala wa India, akatoa hukumu yake: nchi mbili zitengane, na mtawala wa Zanzibar alipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Hukumu ile ilieleza kwamba malipo hayo si ishara ya Zanzibar kuwa chini ya Maskati, bali ni fidia ya kuacha madai na ni kusawazisha tofauti ya mirathi mbili zilizotoka kwa baba mmoja. Mikarafuu, pembe na ushuru wa Unguja vilikwisha kuizidi Maskati kwa mbali, na Maskati ilikuwa imezoea kuishi kwa fedha ile. Kwa lugha ya wanazuoni wetu, hiyo ni radd. Kama reale 40,000 zilitosha, hilo ni suala jingine. Maskati bila ya Zanzibar ilikuwa bustani iliyouzwa maji yake.

Unguja na Pemba nako wazee wetu walikutana na jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Kule mti ulikuwa mali mbali na ardhi. Mtu aliweza kumiliki minazi au mikarafuu katika shamba ambalo udongo wake si wake, na John Middleton alipoandika taarifa yake juu ya umiliki wa ardhi Zanzibar, iliyotolewa 1961, alilieleza hilo kama jambo la kawaida. Shamba lilithaminiwa kwa kuhesabu miti izaayo. Ndiyo maana kimbunga cha Aprili 1872, kilichoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, kiliondoa utajiri wa watu bila kuondoa hata pishi moja ya ardhi yao. Aliyekuwa na mashamba pande zote mbili alibaki mtu. Wenye la Unguja tu waliingia madeni.

Na katika madeni ndipo vipande vilipotawanyika zaidi. Mkopo ulifungwa kwa bei ya khiyari: mwenye shamba "humuuzia" mkopeshaji, akabaki na haki ya kulikomboa kwa muda uliotajwa, na pengine akaendelea kulikaa kwa kodi. Fahad Bishara ameyafafanua vizuri maandishi haya ya pande zote za bahari katika kitabu chake A Sea of Debt cha 2017, na atakayekisoma atazitambua hati za babu zake. Kinachonihusu mimi ni kwamba kila kipande kiliwekewa deni lake. Leo kimefungwa cha mbele, mwakani cha nyuma, na mwisho njia ya kupitia ikawa kwa mtu mwingine kabisa. Mpaka 1934, serikali ya Zanzibar ilipotunga sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamia mikononi mwa wakopeshaji, mashamba mengi yalikuwa yamekwisha kukatika vipande ambavyo hakuna kimoja kingelisha nyumba.

Nirudi kwenye hesabu zetu. Kuna wanaodhani ugumu wa kazi hii ni hisa. Hisa si ngumu, zinataka subira tu. Babu alifariki 1961, akaacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumni moja, na saba zilizobaki: kila mwana mbili, kila binti moja. Mgawanyo wa nane, safi kama ulioandikwa kitabuni. Lakini haukufanywa. Bibi akafariki 1969, na fungu lake likarudi kwa watoto wale wale, kwa hiyo asili ikawa saba. Ammi yetu mkubwa akafariki 1978, akaacha mke, mwana na mabinti wawili. Kisha shangazi wa kati, akaacha mume na wana watatu. Kisha baba, akaacha mama yetu, wana wawili na mabinti watatu. Hili ndilo wanazuoni huliita munasakha, mauti juu ya mauti kabla ya kugawa. Nimelifanya mara tatu, na kadhi mmoja rafiki yangu amelipitia: mali yote ni hisa 112, na wenyewe ni watu 16. Shangazi wawili walio hai, wa Mkunazini na wa Sib, kila mmoja hisa 16. Watoto wa marehemu shangazi 4 kila mmoja, na baba yao 4. Nyumba ya ammi mkubwa: mjane 4, mwana 14, mabinti 7 kila mmoja. Nyumba yetu: mama 4, mimi na ndugu yangu 8 kila mmoja, dada zetu 4 kila mmoja. Jumlisheni wenyewe.

Ugumu ni kujua 112 ya nini.

Mwaka jana tulimwita mthamini mwenye leseni kutoka Nizwa, kijana hodari na mwenye adabu, pamoja na wazee wawili wa Adam. Kijana alipima kila kipande kwa chombo chake, akaandika mita, akaweka bei, akajumlisha. Wazee walikuwa wamekaa kivulini. Alipomaliza kusoma, mmoja wao aliuliza jambo moja tu: "Na maji yake yameandikwa wapi?" Kijana alitazama karatasi yake, na mimi nikatazama chini, maana niliiona 1983 imesimama mbele yangu.

Sikuona kwamba kijana ana kosa. Hata huko Marekani, serikali inapotaka kuchukua sehemu ya ardhi ya mtu kwa barabara, wathamini hawaanzi na bei. Huanza na suali: mali nzima ni ipi? Hutazama mambo matatu: kama vipande ni vya mmiliki mmoja, kama vinatumika kwa kazi moja, na kama vinapakana au vimeungana. Vikitimia, vipande vitano huhesabiwa kimoja, na hasara ya kimoja huonekana kwa wenzake. Visipotimia, kila kimoja husimama peke yake. Nilimweleza kijana hayo, na wazee wakacheka, wakasema wao hawajafika Marekani lakini suala lao ni lile lile.

Basi tulianza upya kwa njia hiyo. Bustani ndogo, ule ukanda wa hatua mbili, na athar mbili za maji vilionekana ni mali moja. Ukanda ule peke yake haufai hata kujenga banda la mbuzi, na mthamini aliuandikia bei ambayo hata kuitaja naona haya. Lakini saqia inayoleta maji ya bustani inapita ndani yake. Ukiuuza kwa bei yake ya peke yake, bustani inakuwa kavu kesho. Tena yuko jirani wa upande wa pili ambaye angeutaka sana, kwa kuwa ungemnyooshea mpaka wake. Wazee walibishana nusu saa, kama thamani ya hamu ya jirani iingie katika hesabu au isiingie. Mwisho wakasema isiingie, kwa sababu hauuzwi.

Ardhi kavu ya barabarani haikuungana na chochote. Babu aliipata kwa bei ya ngamia mmoja, na baba hakuwahi kuitaja. Leo njia kuu ya kwenda Salala inapita Adam, na eneo lile lisilo na mtende hata mmoja linazidi bustani kwa thamani. Mtu angeweza kukasirika kwa hilo. Mimi limenifurahisha, kwa kuwa ndilo linalotupa cha kusawazishia.

Nyumba ya Harat al-Jami nitaipita haraka. Paa limeanguka, kuta mbili zimesimama, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka iuzwe.

Ilibaki mitende minne katika bustani ya watu, na nusu athar ya maji iliyosalia. Waraka wake unasema wazi kwamba mwenye mitende ana miti na matunda, lakini ardhi si yake, na mtende ukianguka hana haki ya kupanda mwingine mahali pake. Kwa hiyo ni mali yenye umri. Mthamini wa Nizwa alisema aiandike sifuri. Wazee wakakataa, wakahesabu miaka ya uzazi iliyobaki, wakaipa bei ndogo, lakini bei.

Nikawaandikia warithi wote 16 mafungu matatu. La kwanza, bustani ndogo na ukanda wake na athar mbili. La pili, ardhi ya barabarani. La tatu, nyumba, mitende minne na nusu athar. Bin ammi yetu anayeishi Nizwa alitaka la kwanza kwa sababu yeye ndiye wa karibu na atalilima. Amekubali kulichukua kwa thamani ya pamoja, si ya vipande, na kurudisha fedha kwa wenzake kwa kila kinachozidi hisa zake 14. La pili litauzwa lote kwa mkupuo mmoja, fedha zigawiwe kwa hisa. La tatu ndilo lililohitaji mazungumzo, na nilimpigia shangazi.

Nilimweleza kwanza habari ya 1983, yote, kama nilivyowaeleza hapa. Nikamwambia kwamba katika hisa zangu 8 nimetenga sehemu kwa ajili yake, ya shangazi wa Sib, na ya watoto wa marehemu, kwa kile kilichopotea kwa usomaji wangu. Alikaa kimya kitambo, nikasikia muadhini wa upande wao akiadhini alasiri. Kisha akasema: "Baba, ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima na niliweka dole." Hakukubali, hakukataa. Akaniuliza habari ya mitende minne. Nikamweleza kwamba ni miti bila ardhi, haina thamani kubwa, na atakayeichukua atachukua pia gharama ya mtu wa kuipanda na kuihudumia.

Akasema, "Nipeni mimi hiyo. Hata mimi sina ardhi."

Basi ndivyo ilivyoandikwa. Mitende minne na nusu athar zimo katika hisa za shangazi wa Mkunazini, na kilichopungua atapewa fedha kutoka ardhi ya barabarani. Nyumba inabaki ya wote kwa makubaliano mbali. Deni langu nimeliandika katika waraka huo huo, kwa mkono wangu, chini ya saini za mashahidi, na shangazi wa Sib amepokea sehemu yake.

Yamebaki mambo mawili, na ninaomba msaada wenu. Kwanza, yeyote mwenye hati ya zamani ya Adam, hata nusu ya karatasi, anitumie picha yake kabla hatujakwenda kusaini. Na asiangalie kile kilichotajwa tu, bali pia kile ambacho hakikutajwa, kisha atafute waraka wa pili. Pili, wiki iliyopita bin ammi alikwenda kuitazama ile mitende minne akakuta mmoja umeliwa na mchwa mpaka moyo, hauna maisha. Wazee wameulizwa kama bei ibadilishwe. Shangazi amesema isibadilishwe, lakini hesabu yangu inasema ibadilishwe, na fedha ya tofauti atapewa apende asipende.

Tende za mitatu iliyobaki zitasafirishwa Unguja msimu huu, inshallah, pamoja na kahawa yake.